Mahari ya Kusomewa

"Kitabu!" Shani alisema kwa sauti ya chini, ile sauti yake ya chini ambayo majirani huisikia vizuri kuliko kelele. "Watu wazima wamevaa wakapendeza, wamekuja na washenga na sheikh juu, mimi tangu alfajiri niko jikoni, halafu wewe unasema kitabu?"

"Sikusema nataka kitabu, mama. Kitabu ninacho. Nataka akisome."

"Akisome ili iweje?"

"Ili kiwe kimesomwa."

Shani alimgeukia mumewe. Athuman alikuwa amesimama mlangoni, ameshika pazia kwa mkono mmoja kana kwamba likimponyoka nyumba nzima itabaki uchi. Yeye ndiye aliyetumwa na wageni kuja kumuuliza binti mahari yake, kama sheria inavyotaka, na sasa alikuwa na jibu asilojua atalibeba vipi mpaka sebuleni.

"Baba Naila, sema kitu."

"Mahari ni haki yake, mama Naila. Akitaja, ametaja."

"Ataje basi! Ataje kitanda, ataje cherehani, ataje hata mbuzi wa kutembea. Wenzake wote mjini hapa wametaja. Binti wa Bi Sabrina alitaja seti ya makochi, na ana sura kama hiyo yako tu, hajakuzidi kitu."

Naila alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mtandio mpya begani, mikono juu ya magoti, ametulia kama mtu anayesubiri namba yake iitwe hospitali. Alikuwa binti mpole. Upole wake ndio uliomchosha mama yake tangu utotoni, maana huwezi kushindana na mtu asiyepandisha sauti.

"Mama, Kheri nampenda. Lakini hajawahi kukaa na kitu kimoja mpaka kikaisha. Hata chai anaacha nusu. Mkimwongelesha yuko kwenye simu, akicheka hujui anamcheka nani. Mimi nitaishi naye maisha yangu yote. Nataka nione kama anaweza kuanza kitu na kukimaliza. Asome riwaya moja, anisimulie. Basi."

"Asipoweza?"

"Basi hanioi."

Sebuleni kijiko kiligonga sahani. Wageni walikuwa wamenyamaza, na ukimya wa wageni wenye njaa una masikio. Shani aliinua mikono, akaishusha. "Nenda ukaseme," alimwambia Athuman. "Na aibu hiyo ukaibebe mwenyewe."

Aibu haikutokea. Athuman aliposema, sheikh alikuna ndevu, akasema mahari yaweza kuwa kazi yenye manufaa kwa mke, mradi kitabu chenyewe kisiwe cha upuuzi. Mzee Mudathiri, baba mdogo wa Kheri aliyemlea na kumwajiri, mnunuzi wa kakao anayejulikana kuanzia Kyela mjini mpaka Mwaya, alicheka mpaka akashika ubavu. Alikuja na bahasha nene mfukoni, na sasa bahasha ilikuwa inarudi nyumbani haijaguswa. Alijipakulia tena wali.

Kheri naye alicheka, mpaka kitabu kilipoletwa. Alikipima uzito kwa kiganja, kama anavyopima kakao ya mkulima anayemshuku, akakifungua katikati.

"Hakina picha?" aliuliza.

*

Habari ilifika sokoni kabla ya Shani. Duka lake la vitenge liko upande ule ambako mabajaji yanageuzia, na pembeni, chini ya mwavuli, anakaa Sekela, muuza ndizi, ambaye hana duka lakini ana habari zote.

"Ugonile, mama Naila. Tumesikia mmeozesha kwa kitabu. Tena cha zamani."

"Nimegona salama. Uza ndizi zako, Sekela."

"Sina ubaya. Nauliza tu, harusi mtagawa madaftari?"

Wanawake wa mstari mzima wakacheka. Shani alikunja kitenge ambacho kilikuwa kimekunjwa tayari. Yeye mwenyewe hakuwa amesoma kitabu mpaka mwisho tangu alipotoka shule, wala hakuona kimempungukia nini. Naila alikuwa na kona yake humo humo dukani, mashine ya kutoa kopi na kabati la vioo, na ndani ya kabati riwaya zilizokuwa zimebadilika rangi kwa kupigwa jua. Wanafunzi wa sekondari waliingia kila siku. Walitaka maswali ya mitihani iliyopita na muhtasari wa vitabu. Mmoja aliwahi kuuliza kama kuna muhtasari wa muhtasari. Riwaya zenyewe waliziegemea wakisubiri kopi.

"Ungekuwa unauza kava za simu mle," Shani alimwambia binti yake, "tungekuwa mbali."

"Najua, mama," alijibu Naila, akaendelea kufuta vioo.

Wiki haikuisha, Kheri akaja dukani mbio na pikipiki, amepulizia manukato, anasema amemaliza. Shani alifurahi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alimvutia kigoda mwenyewe. Naila alikuja akasimama nyuma ya meza, na Sekela akasogeza mwavuli wake karibu, kwa sababu ya jua, alisema.

Kheri alikohoa, akaanza. Kulikuwa na mwanamke, mke wa mkuu wa stesheni ya reli. Mumewe alipanda treni ya mizigo asirudi. Hapo alikuwa sawa, maana hayo yote yameandikwa nyuma ya jalada. Halafu mwanamke akajiunga na polisi. Akafundishwa kulenga shabaha. Akawafuata wasafirisha magendo ya kahawa mpaka mpakani, wakarushiana risasi juu ya daraja, akamwokoa mume, wakarudi nyumbani, na funzo tunalopata ni kwamba umoja ni muhimu.

"Lo!" alisema Sekela.

Naila alimgeukia Kheri. "Koti lilikuwa la rangi gani?"

"Koti gani?"

"La yule mgeni."

"Mgeni yupi tena?"

"Kheri, kitabu kizima hakina bunduki hata moja."

Ikajulikana. Kheri alikuwa ameiomba simu imsimulie kitabu kile, na simu, kwa kuwa haipendi kuonekana haijui, ikamtungia. Alisoma alichopewa mara mbili, akakikariri kweli kweli. Alisema hivyo akiwa anajitetea, na Shani, ambaye alikuwa na hamu ya kumpiga kwa fimbo ya kupimia vitenge, alijikuta anamwonea huruma. Kijana alikuwa amefanya kazi, ila alifanya ile isiyotakiwa.

"Msamehe," alimwambia Naila walipobaki wawili. "Kajitahidi kudanganya."

"Basi ajitahidi kusoma."

Athuman alikwenda kwa sheikh kuuliza sasa iweje. Alirudi na neno jipya: Kheri amsomee binti kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho, hapo hakuna wa kumtungia. Lakini kwa kuwa bado si mume na mke, lazima mtu mzima awepo muda wote.

"Mtu mzima gani?" aliuliza Shani, ingawa alishaona macho ya mumewe yanamwangalia.

*

Hivyo ndivyo Shani alivyofungwa kifungo cha kusikiliza riwaya. Kila siku baada ya alasiri Kheri alifika, akavua kofia ngumu ya pikipiki, akakaa kwenye kigoda, na Naila akakaa upande wa pili wa meza. Shani alikaa katikati na hesabu zake, amekunja uso ili ieleweke kwamba yuko kazini.

Siku za mwanzo zilikuwa mateso. Kheri alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, neno, kimya, neno. Simu ilipotetemeka mfukoni naye alitetemeka. Shani aliichukua bila kuomba ruhusa, akaisokomeza katikati ya robota la vitenge, na iliendelea kulia humo kama panya. Waendesha bodaboda rafiki zake walipita wakipiga honi. "Mwanafunzi! Umefanya homuwaki?" Kheri alizama kwenye kigoda mpaka magoti yakafika masikioni. Mmoja wao, Ipyana, aliingia kabisa kuja kumcheka kwa karibu. Siku iliyofuata alirudi, akasema amekuja kuchaji simu. Kesho yake tena, na simu hakuwa nayo.

Shani hakuweza kusema ni lini hasa alianza kusikiliza. Labda ni pale yule mgeni alipobisha mlango wa nyumba ya stesheni amevaa koti la mume aliyepotea. Alisema yeye ni ndugu yake. Mwanamke hakuwahi kuambiwa kama mumewe ana ndugu, lakini koti alilishona kwa mkono wake, na vifungo alivijua.

"Amfukuze," alisema Shani.

Kheri aliinua macho. Naila pia.

"Nimesema nini? Mwanaume anakuja na koti la mumeo, hujui kalitoa wapi, unampikia? Endelea."

"Atakuwa ndiye aliyemuua," alisema Sekela kutoka nje. Ndizi zake siku hizo alizipanga zikiutazama ukuta wa duka, na yeye mgongo kwa barabara. "Mwe! Yule mtu ana damu mikononi."

"Damu gani, mbona anakata kuni vizuri?" alisema Ipyana.

"Wauaji hawakati kuni?"

Mteja mmoja kutoka Karonga, mama wa Kimalawi anayenunua vitenge vya jumla, alisimama na robota kichwani akisubiri risiti mpaka sura ikaisha. Naye alikuwa na maoni: mgeni ni mume mwenyewe, amebadilika sura kwa taabu. Walibishana mpaka adhana ya magharibi. Shani alifunga duka akiwa amesahau kumdai.

Kheri mwenyewe alikuwa amebadilika. Alianza kusoma akiweka sauti, mwanamke sauti yake, mgeni yake, na mzee wa kugonga kengele ya stesheni alimpa sauti ya Mzee Mudathiri, wakacheka wote mpaka Naila akajifunika uso kwa mtandio. Shani aliliona hilo. Aliona pia kwamba kijana akifika mwisho wa ukurasa anamtazama binti kidogo kabla ya kugeuza, na simu kwenye robota hakuna anayeisikia tena.

"Sasa si uchukue kitabu usome mwenyewe usiku, mama?" Naila alimwambia. "Ukajue."

"Mimi nina kazi zangu," alisema Shani. Alikuwa amekwisha kutangaza soko zima kwamba kitabu ni upuuzi, na mtu hawezi kusema hivyo halafu akaonekana anachungulia.

*

Mzee Mudathiri aliingia dukani bila salamu, akaweka kitambaa juu ya meza, akakifungua. Ndani mlikuwa na punje za kakao zimevimba, zina ukungu mweupe.

"Nusa," alisema.

"Sinusi, Mzee Mudathiri, niambie kuna nini."

"Mzigo mzima wa Mwaya! Nimemwacha mtoto pale aanike kakao. Wingu likaja kutoka ziwani, watoto wadogo wanaliona, kuku wanaliona, yeye halioni. Mvua ikashuka. Unajua alifunika nini? Kitabu! Alikitia ndani ya shati, akakimbilia barazani kwa watu, akaendelea kusoma. Kakao yangu inaoga!"

Kheri alikuwa amesimama nyuma yake, kichwa chini. "Nilikuwa nafanya mazoezi, mama," alisema. "Nisije nikajikwaa leo."

"Nilidhani nimepata mahari ya bure," Mzee Mudathiri aliendelea. "Kumbe hakuna binti ghali kama huyu Kyela nzima! Binti yako atanifilisi. Mimi nalipa. Semeni mnataka kiasi gani, nalipa, kijana wangu aache kusoma!"

"Mimi nilitaka hela tangu siku ya kwanza," alisema Shani. "Usinipigie kelele mimi."

"Basi tumeelewana." Alikinyakua kitabu mkononi mwa Kheri, akakibana kwapani. "Hiki nakaa nacho mimi. Kijana anakwenda Matema kwa shughuli zangu mpaka siku ya ndoa. Turubai limeshalipiwa, kadi zimeshagawiwa. Mengine tutayamaliza kiutu uzima."

Alitoka. Shani alipaswa kufurahi. Mwanaume mwenye uwezo alikuwa amesimama dukani kwake akiomba kulipa. Badala yake alilitazama lile kwapa likiondoka na kitabu, akahisi ameibiwa. Alimdaka Kheri mkono kabla hajapanda pikipiki.

"Ulifikia wapi?"

"Mgeni amelivua koti, mama. Amelitandika mezani. Anamwambia yule mwanamke, kaa chini nikuambie."

"Eeh. Na?"

"Mvua ikanyesha."

*

Siku ya ndoa mvua ilikuwa imepumzika na joto lilikuwa lile la Kyela, la kulowesha kanzu kabla hujaketi. Turubai lilijaa. Wanaume walikuwa mbele kwenye mikeka, wanawake upande wa nyumba, na Naila ndani chumbani na mashoga zake, miguu ina hina mpya. Sekela, ingawa yeye ni wa Moraviani, alikuwa amepata nafasi nzuri kuliko mashangazi wa bwana harusi.

Sheikh alifungua shughuli, akafika mahali pake. "Mahari imetimia?"

Kheri alikaa mbele yake na kilemba kipya. "Bado, sheikh."

Mnong'ono ukapita chini ya turubai. Mzee Mudathiri aliinuka haraka akitabasamu huku na huku. "Ni jambo dogo, sheikh. Zimebaki karatasi chache. Sisi kwa kuthamini ukwe tumeleta badala yake." Alipiga makofi. Gari dogo la mizigo lililokuwa limesimama njiani likarudi nyuma mpaka ukingoni mwa turubai, na juu yake, limefungwa utepe mwekundu, friji. La milango miwili.

Wanawake walipiga vigelegele kabla hawajajua kama inafaa. Shani alisimama asijue amesimama. Friji lile lilikuwa refu kuliko Athuman.

"Haiwezi kubadilishwa bila ridhaa ya mwenyewe," alisema sheikh, akitazama saa. Alikuwa na ndoa nyingine inamngoja Ipinda. "Baba, kamuulize binti."

Athuman alikwenda, akarudi. Jasho lilikuwa limemchora ramani mgongoni. "Anasema mahari yake anaijua. Friji hakulitaja."

"Basi iwe deni!" alisema Mzee Mudathiri. "Sheria inaruhusu. Tufunge ndoa, zilizobaki atamsomea baadaye, mbele kuna maisha marefu."

"Inaruhusiwa," sheikh alikubali, "akiridhia."

Macho yote yakahamia kwa Shani, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba binti atamsikiliza mama yake, akiombwa vizuri, mbele ya watu wote hao. Shangazi mmoja alimshika kiwiko. "Kamwambie, dada. Ni neno moja tu. Wali unapoa."

Shani alipiga hatua kuelekea mlangoni. Akamtazama Kheri. Kijana hakuwa anaangalia friji, wala baba yake mdogo. Alikuwa ameinamisha kichwa, mkono uko kifuani ndani ya kanzu, na pale kifuani kanzu ilikuwa imetuna kwa pembe.

"Kheri. Una nini hapo?"

Alikitoa. Jalada lilikuwa limepinda kwa maji, kurasa zimevimba, na kilinuka kakao mpaka kwa wanawake. "Nilikichukua asubuhi, mama, kwenye gari la baba mdogo," alisema. "Sijakifungua. Nilisema nikifungua mwenyewe nitakuwa nimemwacha."

Shani alielewa maneno hayo mara moja. Kijana alikuwa na mwisho wa hadithi kifuani tangu asubuhi na hakuuchungulia, kwa sababu Naila hakuwapo. Friji gani linaweza kufanya hivyo?

Alirudi katikati ya turubai, akajifunga khanga kiunoni.

"Sikilizeni. Deni hapana, mimi sitaki binti yangu aingie kwenye nyumba akidai. Hakuna wali utakaopakuliwa. Hakuna ndoa itakayofungwa. Kheri, sogea dirishani kwa Naila akusikie. Soma."

"Mama Naila!" alifoka Mzee Mudathiri. "Sheikh ana safari! Watu wana njaa! Basi na friji langu lirudi!"

"Friji lina utepe. Umeleta zawadi mbele ya watu wote hawa, unataka kuirudisha mbele yao hao hao? Vijana, lishusheni. Taratibu, lisikwaruzwe." Ipyana na wenzake walikuwa wameshapanda garini. "Na wewe sheikh, samahani, keti. Si ndefu."

Sheikh aliketi, akainama kwa Athuman, akauliza polepole, "Huyo mgeni ni nani hasa?"

"Wengine wanasema muuaji," alinong'ona Athuman. "Mama wa Karonga anasema ni mume."

"Ni mwizi wa koti tu," alisema Sekela kwa sauti, "mtaona."

Dirisha la chumbani lilifunguliwa, pazia likasogezwa kiasi cha vidole. Kheri alisimama chini yake na kilemba chake, akabandua kurasa mbili zilizokuwa zimegandana, kwa subira, kama mtu anayefungua bandeji. Mzee Mudathiri alianza kusema jambo kuhusu kakao.

"Nyamaza, baba," Shani alimwambia, akavuta kigoda, akaketi. "Koti limeshavuliwa."

Kheri akasoma.